Ugonjwa wa Kawasaki kwa Watoto Wadogo: Chanzo Bado Kinatafutwa, Tiba Ina Muda Wake

Ugonjwa wa Kawasaki ni homa kali ya ghafla inayowapata zaidi watoto wenye umri chini ya miaka mitano, ikiambatana na uvimbe wa kuta za mishipa ya damu mwilini. Homa yenyewe huweza kuisha hata bila dawa, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi. Kinachoufanya ugonjwa huu uhesabiwe miongoni mwa magonjwa mazito ya utotoni ni mishipa inayoulisha moyo. Kwa watoto wasiopata tiba, hadi robo yao hubaki na mishipa iliyotanuka au iliyotuna kama puto, na baadhi yao huja kupata shambulio la moyo, wengine wakiwa bado wadogo na wengine wakiwa watu wazima ambao hawakumbuki kabisa homa ile ya utotoni.

Zaidi ya miaka 60 imepita tangu ugonjwa huu utambuliwe, na hadi sasa hakuna kiini kimoja kilichothibitishwa kuwa ndicho kinachousababisha. Hakuna pia kipimo cha maabara kinachoweza kutoa jibu la ndiyo au hapana. Daktari huutambua kwa kumtazama mtoto, kuhesabu siku za homa na kuunganisha dalili ambazo kila moja peke yake ni ya kawaida. Kwa sababu hiyo, suala la chanzo si la watafiti pekee. Linamgusa mzazi aliyeelezwa kuwa mwanawe ana ugonjwa usio na kipimo, ambaye jambo la kwanza atakalouliza ni nini kimeuleta, na kama angeweza kuuzuia.

Ulivyotambuliwa

Mwezi Januari 1961, Dkt. Tomisaku Kawasaki, daktari wa watoto katika hospitali ya Msalaba Mwekundu jijini Tokyo, nchini Japani, alimpokea mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka minne na miezi mitatu. Mtoto alikuwa na homa, vipele, macho mekundu, midomo iliyokauka na tezi za shingo zilizovimba. Alipona na kuruhusiwa kurudi nyumbani bila ugonjwa wake kupata jina. Mwaka uliofuata daktari huyo alikutana na mtoto mwingine mwenye hali ileile, na tangu hapo akawa anaweka kumbukumbu ya kila mmoja. Mwaka 1967 alichapisha kwa Kijapani taarifa ya watoto 50, na mwaka 1974 maelezo yake yakachapishwa kwa Kiingereza. Visiwani Hawaii, wakati huohuo, Dkt. Marian Melish na wenzake walikuwa wameanza kuwaona watoto wa namna hiyo bila kufahamu kazi iliyokwisha kufanyika Tokyo.

Mwanzoni iliaminika kuwa ugonjwa huu hauachi madhara yoyote. Uchunguzi wa kwanza wa nchi nzima, uliofanyika Japani mwaka 1970, ulibadili mtazamo huo baada ya kubaini watoto waliofariki ghafla kwa matatizo ya mishipa ya moyo, wengine wakiwa tayari wanaonekana kupona. Tangu wakati huo Japani imekuwa ikiwahesabu wagonjwa wake kwa ukamilifu ambao nchi chache zimeufikia, na sehemu kubwa ya yale yanayofahamika kuhusu chanzo imetokana na hesabu hizo. Dkt. Kawasaki alifariki dunia mwezi Juni 2020 akiwa na umri wa miaka 95, swali lake likiwa bado halijajibiwa.

Jina la ugonjwa ni la daktari huyo. Halihusiani na mji wa Kawasaki, wala na pikipiki zinazofahamika kwa jina hilo. Wala ugonjwa wenyewe si wa Japani pekee. Mwaka 1871, daktari wa London aitwaye Samuel Gee aliandika kuhusu mtoto wa kiume wa miaka saba aliyefariki ghafla, ambaye mishipa ya moyo wake ilikutwa imetuna mahali kadhaa. Wataalamu wengi wanaosoma maelezo hayo leo wanaona ndani yake ugonjwa uleule, miaka 90 kabla haujapewa jina.

Dalili ambazo daktari hutafuta

Homa ndiyo dalili ya msingi: homa ya juu inayodumu siku tano au zaidi na isiyotulia ipasavyo kwa dawa za kushusha joto wala kwa antibiotiki. Pamoja na homa, daktari hutafuta angalau dalili nne kati ya tano. Macho yote mawili huwa mekundu bila kutoa usaha. Midomo hukauka, huwa myekundu na kupasuka, na ulimi huwa mwekundu wenye vinundu vidogo. Vipele hutokea mwilini, vikiwa vya sura mbalimbali. Viganja na nyayo huwa vyekundu na mikono na miguu huvimba, kisha baada ya wiki mbili au tatu ngozi ya ncha za vidole huanza kubanduka kuanzia kandokando ya kucha. Ya tano, ambayo huonekana mara chache kuliko nyingine, ni tezi ya shingo iliyovimba kufikia sentimita moja na nusu au zaidi, aghalabu upande mmoja.

Dalili hizi haziji zote siku moja. Vipele vinaweza kuwa vimetoweka wakati macho yanapoanza kuwa mekundu, na daktari anayemwona mtoto siku ya sita huenda asione kile ambacho mama alikiona siku ya pili. Maelezo ya mzazi kwa hiyo ni sehemu ya uchunguzi. Watoto walio chini ya miezi sita huleta ugumu zaidi, kwa kuwa mara nyingi huwa na dalili mbili au tatu tu, ilhali wao ndio walio katika hatari kubwa ya mishipa ya moyo kuathirika.

Dalili moja isiyoingizwa katika orodha ya tano inastahili kuelezwa kwa kirefu katika nchi zinazochanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu. Kwa baadhi ya watoto wenye ugonjwa wa Kawasaki, kovu la chanjo hiyo huwa jekundu, huvimba na wakati mwingine hufanya gaga, miezi mingi baada ya chanjo kutolewa. Madaktari wa Japani, ambako chanjo hiyo hutolewa pia, huichukulia kama ishara yenye thamani kubwa, hasa kwa mtoto aliye chini ya umri wa mwaka mmoja. Mzazi anaweza kuona mahali pa chanjo pamewaka akahitimisha kuwa chanjo ndiyo iliyomletea mtoto homa. Sivyo. Mfumo wa kinga ulioamshwa na ugonjwa hushambulia upya mahali ambapo uliwahi kukutana na vimelea vya chanjo. Jambo linalopaswa kufanywa ni kumwonyesha daktari kovu hilo.

Takwimu zinaelekeza wapi

Ushahidi mkubwa kuhusu chanzo haukutoka kwenye darubini. Ulitoka katika kuuliza ni nani anaugua, lini na wapi.

Kwanza ni umri. Ugonjwa hujitokeza mara chache kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu, hufikia kilele kati ya miezi ya mwisho ya mwaka wa kwanza na mwaka wa pili, kisha hupungua hadi kuwa nadra baada ya umri wa miaka minane, na kwa mtu mzima ni nadra mno. Mwenendo huu ni uleule wa magonjwa ya kuambukiza yaliyo ya kawaida utotoni. Mtoto mchanga hulindwa na kingamwili alizopewa na mama yake akiwa tumboni. Kinga hiyo ikiisha hubaki wazi. Na akikua huwa amekwisha kukutana na kimelea husika na kujijengea kinga yake mwenyewe. Kama maelezo hayo ni sahihi, basi karibu kila mtoto hukutana na kisababishi cha ugonjwa wa Kawasaki bila kuugua au kwa kuugua mafua tu, na ni wachache sana ambao miili yao huitikia kwa namna ya hatari.

Pili ni wakati. Japani ilikumbwa na milipuko mikubwa ya nchi nzima mwaka 1979, 1982 na 1986, na katika milipuko hiyo wagonjwa walijitokeza eneo moja kisha jingine, kama wimbi. Hata katika miaka ya kawaida idadi hupanda katika majira fulani: nchini Marekani ni mwishoni mwa majira ya baridi na wakati wa machipuo, na Japani huongezeka mwezi Januari na tena wakati wa joto. Sumu iliyomo ndani ya nyumba au kasoro ya kuzaliwa haifuati majira ya mwaka kwa namna hiyo. Maambukizi hufuata.

Hata hivyo ugonjwa huu hauambukizwi waziwazi kutoka kwa mtoto mmoja hadi mwingine. Watoto waliolazwa wodi moja na mgonjwa hawaupati kutoka kwake, na mgonjwa hahitaji kutengwa. Hapa ndipo penye kitendawili chote: ugonjwa unaotembea kama maambukizi lakini usioonekana ukipita mkononi kwa mtu yeyote.

Tatu ni asili. Japani huandikisha kila mwaka zaidi ya wagonjwa 300 kwa kila watoto 100,000 walio chini ya miaka mitano. Jamhuri ya Korea na Taiwan hufuata. Marekani kiwango ni takriban 20. Tofauti hiyo ingeweza kuelezwa kwa hewa, chakula au mazingira ya Japani, lakini watoto wa Marekani wenye asili ya Japani wanaoishi Hawaii huugua mara nyingi zaidi kuliko watoto wenye asili ya Ulaya wanaoishi visiwa hivyohivyo. Wamehama nchi, hatari hawakuiacha nyuma. Ndani ya familia hali ni hiyohiyo: nchini Japani, ndugu wa mtoto mgonjwa ana hatari mara kumi hivi ya ile ya mtoto mwingine yeyote, na watoto wa wazazi waliowahi kuugua huugua zaidi. Wavulana huugua zaidi ya wasichana, kwa uwiano wa takriban watatu kwa wawili.

Mwaka 2008 watafiti wa Japani walitangaza kuwa wamebaini tofauti katika jeni inayoitwa ITPKC, ambayo kazi yake ni kama breki kwa chembe za kinga za aina ya T. Mtoto mwenye breki dhaifu huwa na mwitikio mkali zaidi na hatari kubwa zaidi ya mishipa ya moyo kuathirika. Jeni nyingine kadhaa zimeongezwa katika orodha tangu hapo, na karibu zote zinahusu namna kinga inavyowashwa na kuzimwa. Hakuna hata moja inayotosha peke yake kumfanya mtoto augue. Zinaandaa uwanja, kinachowasha moto hutoka nje ya mwili.

Waliotuhumiwa kwa nyakati mbalimbali

Orodha ya vitu vilivyowahi kutajwa kuwa ndivyo vinavyowasha moto huo ni ndefu, na wengi waliotajwa wameachiwa kwa kukosa ushahidi. Katika miaka ya 1970 na 1980 walituhumiwa vimelea vinavyofanana na rickettsia, wadudu wa vumbi la nyumbani, bakteria wa ngozi na zebaki. Mwaka 1982, uchunguzi wa mlipuko katika mji wa Denver, Marekani, ulionyesha kuwa wagonjwa wengi walitoka katika nyumba ambazo mazulia yake yalikuwa yameoshwa kwa dawa siku za karibuni. Habari hiyo ilizua hofu kubwa miongoni mwa wazazi. Uchunguzi wa milipuko mingine haukutoa matokeo yanayolingana, na mazulia yakaachwa.

Mwaka 1993 watafiti walielekeza macho kwenye sumu za bakteria wa kawaida wa koo na ngozi, ambazo zina uwezo wa kuamsha sehemu kubwa ya chembe za kinga kwa mara moja, badala ya chembe chache zinazohusika. Wazo hilo lilivutia kwa kuwa sumu hizo huleta ugonjwa mwingine wenye homa, wekundu wa mwili na ngozi kubanduka. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata hazikupata tofauti iliyo wazi kati ya wagonjwa na watoto wengine. Mwaka 2005, kundi la watafiti mjini New Haven, Marekani, liliripoti kirusi kipya cha jamii ya korona kwa wagonjwa wengi kati ya wachache waliopimwa. Maabara za nchi nyingine zilipopima hazikukiona kwa kiwango hicho.

Wazo lenye mvuto wa pekee ni la upepo. Jane Burns wa San Diego, Xavier Rodó wa Barcelona na wenzao walilinganisha rekodi za wagonjwa wa Japani, Hawaii na California na mwenendo wa pepo za anga za juu, na kuonyesha mwaka 2011 kuwa idadi ya wagonjwa hupanda pale pepo zinapovuma kutoka Asia ya Kati na kaskazini mashariki mwa China. Walipotuma ndege kukusanya hewa juu ya Japani siku za pepo hizo, walikuta ndani yake fangasi wa jamii ya Candida kwa wingi usio wa kawaida. Ikumbukwe kuwa kukuta kitu hewani siyo kuthibitisha kuwa ndicho kinachougusa moyo wa mtoto. Lakini upo ushahidi wa zamani wa maabara unaozuia wazo hili kupuuzwa: panya wakichomwa dutu iliyotolewa kwenye fangasi wa jamii hiyo hupata uvimbe wa mishipa ya moyo unaofanana na ule wa watoto. Panya hao hao hupata uvimbe wa aina hiyo pia wakichomwa dutu ya ukuta wa bakteria wa jamii ya Lactobacillus, ambaye kwa kawaida hana madhara. Vitu viwili tofauti, jeraha moja.

Huko Chicago, Dkt. Anne Rowley na wenzake walichukua njia nyingine. Walichunguza mishipa ya watoto waliofariki na kukuta ndani ya kuta zake chembe zinazotengeneza kingamwili za aina ya IgA, ambazo ni kinga ya njia ya hewa na ya chakula. Kuwepo kwake ndani ya mshipa wa moyo kunaashiria kisababishi kinachoingia kwa pua au mdomo kisha kusafiri na damu. Kundi hili linaamini kuwa kuna kirusi kimoja ambacho bado hakijatambuliwa.

Mgawanyiko wa mawazo leo upo hapo. Wapo wanaotafuta kimelea kimoja, na wapo wanaoona kuwa vimelea au dutu nyingi tofauti huweza kuuamsha mwili wa mtoto mwenye vinasaba vya namna fulani. Ushahidi wa panya na kushindwa kwa kila mtuhumiwa mmoja mmoja vinaipa nguvu hoja ya pili. Milipuko mitatu ya Japani, iliyosambaa kama ya ugonjwa mmoja, inaipa nguvu ya kwanza. Kile ambacho pande zote mbili zinakubaliana ni kwamba lazima viwepo vitu viwili: kiamshi kutoka nje na mwili ulio tayari kuitikia kupita kiasi.

Funzo la UVIKO-19

Mwezi Aprili 2020, madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu watoto waliokuwa wakifika hospitalini na homa, vipele, macho mekundu na mioyo iliyodhoofika. Mjini Bergamo, Italia, mojawapo ya maeneo yaliyoathirika zaidi na UVIKO-19, madaktari waliripoti ongezeko la mara 30 la wagonjwa waliofanana na wa Kawasaki. Shirika la Afya Duniani lilitoa vigezo vya awali vya kuitambua hali hiyo tarehe 15 Mei 2020. Ilikuja kueleweka kuwa ni ugonjwa wa jirani, wenye kutokea wiki mbili hadi sita baada ya maambukizi ya virusi vya korona, mara nyingi hata kama maambukizi yenyewe hayakumwangusha mtoto kitandani.

Tofauti zake zina maana kwa wasomaji wa Afrika. Wagonjwa wake wengi walikuwa na umri wa kwenda shule, walikuwa na maumivu makali ya tumbo, kutapika na kuharisha, na wengi walishuka shinikizo la damu. Barani Ulaya na Marekani, watoto wenye asili ya Afrika waliathirika kupita uwiano wao katika jamii, wakati Japani, nyumbani kwa ugonjwa wa Kawasaki, ilikuwa na wagonjwa wachache. Afrika Kusini pia iliripoti wagonjwa wake mwaka huohuo. Mtoto aliyepata homa ya siku tatu au zaidi, tumbo likiuma na ngozi ikiwa na vipele, wiki chache baada ya mtu wa nyumbani kuugua UVIKO-19, anahitaji kufikishwa hospitalini bila kusubiri.

Kipindi hicho kilitoa pia ushahidi ambao hakuna mtafiti angeweza kuupanga. Shule zilipofungwa, watu walipovaa barakoa na kukaa majumbani, idadi ya wagonjwa wa Kawasaki nchini Japani ilishuka mwaka 2020 kwa zaidi ya theluthi moja ikilinganishwa na mwaka uliotangulia. Jamhuri ya Korea nayo ilishuhudia upungufu. Vinasaba vya watoto havikubadilika katika mwaka mmoja, wala mazulia ya nyumbani. Na kama sumu ya ndani ya nyumba ingekuwa ndiyo chanzo, idadi ingepaswa kupanda. Kilichopungua ni kukutana kwa watu, na pamoja nacho maambukizi ya njia ya hewa.

Chanjo hazimo miongoni mwa vyanzo

Kwa kuwa ugonjwa huu huwapata watoto katika umri uleule wanaopewa chanjo, swali la uhusiano limeulizwa mara nyingi. Mwaka 2007 nchini Marekani, taarifa za watoto wachache waliougua baada ya kupata chanjo ya kuzuia kuharisha kunakosababishwa na virusi vya rota ziliingizwa katika maelezo ya chanjo hiyo. Ufuatiliaji mpana uliofanyika baadaye haukuonyesha kuwa waliochanjwa huugua zaidi. Vivyo hivyo, hakuna ushahidi kuwa ugonjwa hutokana na chakula fulani, na hakuna jambo ambalo mzazi alilifanya au aliacha kulifanya linaloweza kutajwa kuwa ndilo lililouleta.

Ugumu wa kuutambua Afrika Mashariki

Ugonjwa upo katika ukanda huu. Madaktari wa Kenya na wa Dar es Salaam wamekwisha kuchapisha taarifa za watoto waliougua. Uchache wa taarifa hizo hauonyeshi lazima uchache wa wagonjwa, kwa kuwa homa ya mtoto mdogo hapa kwetu ina maelezo mengine mengi yaliyo karibu zaidi. Malaria hutangulia. Mtoto anayeishi eneo lenye malaria anaweza kukutwa na vimelea vyake katika damu na bado homa iliyomleta hospitalini ikawa ya jambo jingine. Homa inayoendelea baada ya dozi kamili ya dawa mseto haipaswi kujibiwa kwa kurudia dozi ileile bila uchunguzi mpya.

Surua ndiyo inayofanana zaidi: homa, vipele, macho mekundu. Lakini mgonjwa wa surua huwa na kikohozi na mafua mazito, macho yake hutoa machozi na tongotongo, na vipele huanzia usoni na nyuma ya masikio kabla ya kuteremka mwilini. Kadi ya kliniki inayoonyesha dozi za miezi 9 na 18 humsaidia daktari kuiweka kando. Homa ya baridi yabisi, inayofuata maambukizi ya koo na kuharibu milango ya moyo, huwapata zaidi watoto wa kuanzia miaka mitano hadi 15, na huja na maumivu ya viungo vikubwa yanayohama.

Rangi ya ngozi nayo ina nafasi yake. Vitabu vingi vya tiba huonyesha picha za vipele kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu wa mwili unaweza usionekane, na badala yake ngozi ikaonekana yenye giza zaidi au yenye ukwaruzo. Viganja, nyayo, midomo, ulimi na weupe wa macho ndivyo vinavyosema waziwazi. Wazazi wengi huongeza jambo moja ambalo haliko kwenye vigezo: mtoto hulia na kukataa kubembelezwa kwa kiwango ambacho hawajawahi kukiona katika homa nyingine yoyote.

Tiba na siku kumi za mwanzo

Kutojulikana kwa chanzo hakujazuia kupatikana kwa tiba. Katikati ya miaka ya 1980, madaktari wa Japani na baadaye wa Marekani walionyesha kuwa imunoglobulini, yaani kingamwili zinazochujwa kutoka katika damu ya wachangiaji wengi, zikitiwa katika mshipa hushusha homa na kulinda moyo. Dozi inayotumika leo ni gramu mbili kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 huhitaji gramu 20, zinazoingizwa polepole kwa saa 10 hadi 12. Ikitolewa ndani ya siku kumi tangu homa ianze, hatari ya mishipa ya moyo kutuna hushuka kutoka robo ya wagonjwa hadi takriban mmoja kati ya 25. Mgonjwa mmoja kati ya watano hadi kumi haitikii dozi ya kwanza na huhitaji dozi ya pili au dawa nyingine za kutuliza kinga. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii, kwa ajili ya ugonjwa huu, katika orodha yake ya dawa muhimu za watoto. Bado ni ghali, na haipatikani katika kila hospitali, jambo linalofanya rufaa ya mapema iwe na uzito zaidi.

Siku huhesabiwa tangu homa ilipoanza nyumbani, si tangu mtoto alipofikishwa kituoni. Mzazi anayeweza kutaja tarehe hiyo bila kubahatisha anamwokolea daktari muda. Mtoto mwenye homa ya siku tano isiyo na maelezo, hasa akiwa na macho mekundu au midomo iliyopasuka, anapaswa kufikishwa kwa daktari wa watoto, na moyo wake kupimwa kwa mawimbi ya sauti, kipimo ambacho wengi hospitalini hukiita eko. Kipimo hicho hurudiwa baada ya wiki mbili na tena kati ya wiki ya sita na ya nane, kwa kuwa mishipa inaweza kutanuka baada ya homa kwisha.

Aspirini hutolewa pamoja na imunoglobulini ili kuzuia damu kuganda ndani ya mishipa iliyoathirika. Hii ni moja ya hali chache ambazo mtoto mdogo hupewa dawa hiyo, na ni kwa usimamizi wa daktari tu. Kumpa mtoto aspirini nyumbani kwa ajili ya homa ya kawaida kunaweza kuleta madhara makubwa ya ini na ubongo, hasa kama homa inatokana na mafua makali au tetekuwanga.

Mtoto aliyepata imunoglobulini hubaki na kingamwili za wachangiaji katika damu yake kwa miezi kadhaa, na kingamwili hizo huweza kuifanya chanjo ya surua na rubela isifanye kazi. Kwa sababu hiyo chanjo hiyo huahirishwa kwa miezi 11, na tarehe ya tiba inapaswa kuandikwa katika kadi ya kliniki ili mhudumu wa afya atakayempokea mtoto ajue sababu ya kuchelewa. Ikiwa kuna mlipuko wa surua katika eneo husika, chanjo inaweza kutolewa mapema na kurudiwa baada ya muda huo kupita.